Jiwe na Boriti: Monasteri ya Debre Damo na Suala la Ujenzi wa Kanisa katika Afrika

Utangulizi

Mara nyingi katika sharika zetu husikika neno kwamba Ukristo ni dini ya wageni, iliyoletwa Afrika na wamisionari wa Ulaya katika karne ya 19. Wasio Wakristo hulisema kwa nia ya kupinga. Lakini Wakristo nao hulisema, tena bila uchungu, kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Tukitazama nchi iliyo kusini na magharibi mwa Ziwa Victoria peke yake, neno hilo lina sehemu ya ukweli, kwa maana Injili ilihubiriwa huku katika karne hiyo ya 19, na makanisa ya kwanza yalijengwa kwa michoro iliyotoka ng'ambo. Lakini tukitazama Afrika Mashariki kwa mapana yake, neno hilo ni kosa la historia. Katika nyanda za juu za Ethiopia Kanisa lilikuwa limekwisha kujenga, kuandika vitabu na kulea watawa zaidi ya miaka 1,000 kabla meli ya mmisionari yeyote wa Kiprotestanti haijatia nanga Mombasa.

Makala hii inakusudia kuchunguza historia na ujenzi wa monasteri moja ya kale ya nchi hiyo, yaani Debre Damo katika Tigray. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kanisa lake kuu huhesabiwa na wataalamu miongoni mwa makanisa ya kale kabisa ya Ethiopia ambayo bado yamesimama na kutumika. Pili, jengo lenyewe ni ushahidi wa jinsi Kanisa lilivyoupokea ufundi wa nchi na kuutia katika utumishi wa Mungu. Jambo hili la pili linatuhusu moja kwa moja. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, miji inakua upesi. Katoro na Buseresere, inayopakana katika mpaka wa wilaya za Geita na Chato, ni mfano wa wazi. Mahali watu wanapoongezeka hivyo sharika huzaliwa, na kila usharika unaozaliwa hulazimika kujibu swali la wazee wa kanisa: tujenge nini, na kwa namna gani? Swali hilo huonekana kuwa la fedha na vifaa tu. Tutajaribu kuonyesha kwamba ni swali la theolojia pia.

Kanisa la Aksum

Ufalme wa Aksum ulikuwa na nguvu katika kaskazini ya Ethiopia na Eritrea ya sasa tangu karne za kwanza baada ya Kristo. Bandari yake ya Adulis ilikuwa juu ya Bahari ya Shamu, na kwa njia hiyo ulifanya biashara na Misri, Arabuni na India. Mwanahistoria Rufinus, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5, anasimulia habari za vijana wawili wa Tiro, Frumentius na Aedesius, waliotekwa katika pwani hiyo na kufanywa watumishi katika nyumba ya mfalme. Baadaye Frumentius alikwenda Aleksandria, na Athanasio akamweka wakfu kuwa askofu wa nchi ile. Waethiopia humwita Abba Selama.

Mfalme wa wakati huo alikuwa Ezana. Ushahidi wa kuongoka kwake umo katika maandishi yaliyochongwa juu ya mawe, na zaidi umo katika fedha zake. Sarafu za kwanza za Ezana zina alama ya mwezi na duara, ambazo zilikuwa alama za dini ya zamani. Sarafu zake za baadaye zina msalaba. Ni miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kubeba alama hiyo. Wakristo wanaoishi penye migodi watalielewa jambo hili vizuri: katika Aksum msalaba ulichongwa juu ya dhahabu mapema sana, wakati Kanisa lenyewe lilikuwa bado changa.

Mwaka 451 Mtaguso wa Kalkedonia ulitoa tamko juu ya asili mbili za Kristo. Makanisa ya Misri, Siria na Armenia hayakulikubali kwa kadiri yalivyolielewa, na Kanisa la Ethiopia, lililopokea askofu wake kutoka Aleksandria, lilisimama pamoja nayo. Hivyo Waethiopia na Waarmenia, ingawa nchi zao zimetengana mno, ni ndugu katika jamaa moja ya makanisa. Tutarudi kwenye undugu huo.

Abba Aregawi na Watakatifu Tisa

Mapokeo ya Kanisa la Ethiopia yanasema kwamba kuanzia mwisho wa karne ya 5 walifika Aksum watawa tisa kutoka nchi za Dola ya Rumi, wakaanzisha monasteri, wakatafsiri Maandiko na kueneza Injili vijijini. Mmoja wao alikuwa Za-Mikael, aliyeitwa Aregawi, maana yake mzee. Huyu ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Debre Damo katika karne ya 6, akisaidiwa na mfalme Gebre Meskel, mwana wa Kaleb.

Wasifu wa Aregawi uliandikwa karne nyingi baada yake, na msomaji anapaswa kuusoma kwa uangalifu. Unasema kwamba alipokea vazi la utawa kutoka kwa Pakomio wa Misri, hali Pakomio alifariki mwaka 346, hivyo mtu wa karne ya 6 hangeweza kuwa mwanafunzi wake. Unasema tena kwamba alipandishwa mlimani na nyoka mkubwa aliyemzungushia mkia, huku malaika Mikaeli akimlinda kwa upanga. Mwanahistoria hawezi kuyathibitisha mambo hayo. Hata hivyo yanatufundisha jambo kuhusu watawa walioyaandika: walitaka kukiri kwamba kanuni yao ya maisha ilitoka Misri, na kwamba mahali walipokaa hapakuweza kufikiwa kwa nguvu za mtu peke yake.

Aidha, tusiyatupe mapokeo haya yote kwa haraka. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani kwamba vitabu vya Injili vilivyohifadhiwa katika monasteri ya Abba Garima, mwingine wa wale tisa, ni vya karne ya 11 au karibu na hapo. Vipimo vya ngozi zake vilivyofanyika Oxford vilionyesha kwamba ni vya kati ya karne ya 4 na ya 7. Mara nyingine watawa hukumbuka sawasawa kuliko wasomi.

Mlima na Kamba

Katika lugha ya Ge'ez neno debr maana yake ni mlima. Kwa kuwa watawa walipenda kukaa milimani, neno lilelile likaja kuwa na maana ya monasteri. Debre Damo inastahili jina hilo kwa maana zote mbili. Iko magharibi mwa Adigrat, karibu na mpaka wa Eritrea, juu ya mlima ambao kilele chake ni bapa kama meza na pande zake zote ni genge lililosimama wima. Milima ya namna hii Waethiopia huiita amba. Uwanda wa juu una urefu wa karibu kilometa moja, nao uko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Hakuna njia ya miguu ya kufika juu. Mgeni husimama chini ya genge lenye kimo cha karibu meta 15, akateremshiwa kamba za ngozi zilizosokotwa: moja hufungwa kiunoni na kuvutwa na mtawa aliye juu, na nyingine huishika mwenyewe kwa mikono huku akitafuta pa kuweka miguu katika jiwe. Nafaka na vitu vingine vyote hupandishwa kwa kamba. Juu ya mlima yamechimbwa matangi katika mwamba ili kukinga maji ya mvua, na watawa hukaa katika nyumba ndogo za mawe zilizozungukwa na kuta. Wanawake hawaruhusiwi kupanda, na hata mifugo ya kike haipandishwi.

Ujenzi wa Kanisa Kuu

Kanisa kuu la Debre Damo si kubwa. Urefu wake ni karibu meta 20 na upana wake hauzidi meta 10, yaani ni dogo kuliko makanisa mengi ya mitaa yetu. Lina umbo la mstatili, likielekea mashariki. Mtu huingia kwanza katika ukumbi mdogo wa mbele, kisha katika ukumbi mkuu wenye nguzo za mawe unaopakana na vijia viwili vya pembeni, na mwisho wake kuna patakatifu. Huo ndio mpango wa basilika uliojulikana katika nchi zote za Bahari ya Kati wakati ule. Kwa upande wa mpango, basi, Kanisa la Ethiopia lilipokea kitu kutoka nje.

Lakini mara mtu anapoziangalia kuta, anaona kitu kingine kabisa. Ukuta umejengwa kwa tabaka zinazofuatana za mawe na boriti. Mawe ni madogo, hayakuchongwa sana, nayo yameshikanishwa kwa udongo. Ukuta wa namna hiyo ukiachwa peke yake ungepasuka na kufumuka. Kwa hiyo mafundi walilaza boriti ndefu kwa urefu wa ukuta, upande wa nje na upande wa ndani, kisha wakazifunga kwa vipande vifupi vya miti vinavyopenya unene wa ukuta kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ncha za vipande hivyo hutokeza nje, na wenyeji huziita vichwa vya nyani. Mtu asiyejua hudhani ni mapambo. Kumbe ndizo zinazoufunga ukuta usianguke. Kila tabaka la boriti huingia ndani kidogo kuliko tabaka la mawe, hata ukuta mzima huonekana kuwa na mistari. Milango na madirisha yana miimo mizito ya mbao ambayo pembe zake nne hutokeza kwa namna hiyohiyo.

Ufundi huu haukubuniwa na watawa. Ni ufundi wa majumba ya wafalme wa Aksum kabla ya Ukristo. Tunajua hivyo kwa sababu ya minara mikubwa ya mawe iliyosimamishwa Aksum juu ya makaburi ya wakuu. Minara hiyo ilichongwa ifanane na nyumba za ghorofa nyingi: chini kuna mlango wa jiwe wenye kufuli ya jiwe, juu yake madirisha ghorofa kwa ghorofa, na baina ya ghorofa na ghorofa kuna safu za vichwa vya nyani, vyote vya jiwe. Mmoja wa minara hiyo ulichukuliwa na Waitalia mwaka 1937 ukawekwa Rumi. Ulirudishwa mwaka 2005 na kusimamishwa tena mwaka 2008. Kwa hiyo alama iliyokuwa ya enzi za wafalme na makaburi ya watu wasiomjua Kristo ndiyo tunayoiona katika kuta za kanisa la Debre Damo, ikishikilia nyumba ambamo Zaburi husomwa usiku na mchana.

Katika dari ya ukumbi wa mbele kuna jambo lingine la kutazamwa. Dari hiyo imegawanywa katika vibao vya mraba vilivyochongwa wanyama: simba, tembo, ngamia, swala, nyoka na wengineo. Baadhi ni wanyama wa nchi ile ile. Waaminifu wanapoingia kumwabudu Muumba, hupita kwanza chini ya viumbe vyake.

Wanachuo hawakubaliani juu ya mwaka wa ujenzi. Wengine huona kwamba sehemu za jengo zina umri wa karne ya 6 au ya 7. Wengine huona kwamba jengo kwa umbo lake la sasa ni la karne ya 10 au ya 11, na kwamba vifaa vya zamani vilitumiwa tena humo. Ujumbe wa wataalamu wa Kijerumani ulioongozwa na Enno Littmann ulilichora kanisa hili mwaka 1906. Mwaka 1948 mchoraji wa majengo Mwingereza, Derek Matthews, alilitengeneza lilipokuwa karibu kuanguka, na mwaka 1959 yeye pamoja na Mwitalia Antonio Mordini walichapisha maelezo yake kwa ukamilifu.

Ufundi huu uliendelea hata baada ya Aksum kuanguka. Katika karne ya 12 kanisa la Yemrehanna Krestos lilijengwa ndani ya pango kwa mawe na boriti vivyo hivyo. Kisha, yalipochongwa makanisa 11 ya Lalibela katika mwamba mmoja mmoja, mafundi hawakuwa na haja tena ya boriti, kwa sababu mwamba hujishika wenyewe. Hata hivyo katika kanisa la Beta Amanuel walichonga mistari ya tabaka katika jiwe tupu, na madirisha yake wakayapa pembe zilezile za mbao. Kwao nyumba ya Mungu isiyo na alama hizo isingetambulikana kuwa nyumba ya Mungu.

Monasteri na Ulimwengu

Mtu angeweza kudhani kwamba watawa waliovutwa kwa kamba hawakuwa na habari za dunia. Vitu vilivyopatikana mlimani vinaonyesha vinginevyo. Mwaka 1940 Mordini alipata habari za hazina ya sarafu za dhahabu zaidi ya 100 za wafalme wa Kushan, waliotawala kaskazini ya India, zilizotengenezwa kabla ya katikati ya karne ya 3. Zimepatikana pia sarafu za Kiarabu na vipande vya nguo zilizofumwa Misri baada ya kuja kwa Uislamu. Biashara ya Bahari ya Hindi, ile ile iliyojenga miji ya Waswahili, ilifika hata juu ya genge la Debre Damo.

Zaidi ya hazina, mlima huu ulikuwa chuo. Katika karne ya 13 alisoma huko Iyasus Mo'a, chini ya Abba Yohanni. Mwaka 1248 alikwenda katika kisiwa cha ziwa Hayq, akakusanya vitabu na wanafunzi. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Tekle Haymanot, ambaye naye alikaa Debre Damo kwa muda, na baadaye akaanzisha katika Shewa monasteri iliyokuja kuitwa Debre Libanos. Kwa hiyo uamsho wa Injili katika Ethiopia ya kusini ulitoka kwa walimu waliolelewa juu ya mlima wa kamba.

Mlima ulikuwa pia kimbilio. Katika vita vya Imam Ahmad ibn Ibrahim, vilivyoanza mwaka 1529, makanisa mengi yaliteketezwa na vitabu vikachomwa. Mfalme Lebna Dengel, akifukuzwa kutoka mahali hadi mahali, alifariki Debre Damo mwaka 1540 na kuzikwa huko. Mwaka 1541 walifika askari wa Kireno wapatao 400 wakiongozwa na Cristóvão da Gama, mwana wa yule Vasco da Gama aliyepita Malindi mwaka 1498. Walimkuta mjane wa mfalme, Seble Wongel, akiwa juu ya mlima huo, wakamteremsha ili afuatane na jeshi. Katika siku ya dhiki ile kanuni ya kuwazuia wanawake ililegezwa, na mlima ukamhifadhi mwanamke.

Hatari haikwisha na karne ya 16. Wakati wa vita vya Tigray vilivyoanza Novemba 2020, ziliripotiwa mwanzoni mwa mwaka 2021 habari za kushambuliwa na kuporwa kwa Debre Damo. Genge lililowashinda wapanda farasi haliwezi kuzuia mizinga.

Undugu na Armenia

Tulisema kwamba Ethiopia na Armenia ni jamaa moja ya makanisa. Undugu huo ulikuwa wa watu hai. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 14 mtawa wa kaskazini ya Ethiopia, Ewostatewos, alifundisha kwamba Wakristo waiheshimu Sabato ya Jumamosi pamoja na siku ya Bwana. Alipingwa na viongozi wa Kanisa lake, akaondoka karibu na mwaka 1337, akapitia Misri, Yerusalemu na Kipro, akafika kwa Waarmenia. Huko alikaa hata kufa kwake, kunakokadiriwa kuwa mwaka 1352. Wanafunzi wake walirudi nyumbani, na mmoja wa warithi wa fundisho lake, Filipos, alianzisha katika karne hiyo hiyo monasteri ya Debre Bizen katika milima ya Eritrea. Ugomvi wa Sabato ulitulizwa na mtaguso wa Debre Mitmaq mwaka 1450, chini ya mfalme Zara Yaqob, ambao ulikubali siku zote mbili. Miaka 70 baadaye Mwarmenia aitwaye Mateus, aliyekuwa ametumwa Ureno na malkia Eleni wa Ethiopia kama balozi wake, alirudi na kufariki mwaka 1520 katika eneo la Bizen. Mwethiopia alizikwa na Waarmenia, na Mwarmenia alizikwa na warithi wa Mwethiopia yule.

Ewostatewos alifika kwa Waarmenia wakati ambapo ujenzi wao wa monasteri ulikuwa umefikia kilele. Mfano mmoja unatosha. Monasteri ya Geghard iko katika bonde la mto Azat, mashariki ya mji wa Yerevan, na mapokeo huiweka mwanzo wake katika siku za Gregori Mwangazaji, mwanzoni mwa karne ya 4. Kanisa lake kuu lilijengwa mwaka 1215, na katika karne hiyo hiyo makanisa mengine na kumbi za makaburi zilichongwa katika mwamba ulio kando yake. Katikati ya dari za kumbi hizo kuna tundu moja la kuingizia mwanga. Wataalamu wengi huona humo mfano wa nyumba ya mkulima wa Armenia, ambayo paa lake la mbao lilipandishwa tabaka juu ya tabaka hadi kwenye tundu la moshi na mwanga.

Ulinganisho huu unafaa kutafakariwa. Waethiopia waliichukua nyumba ya mfalme, na Waarmenia nyumba ya mkulima. Hatuna sababu ya kudhani kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Kila kanisa, pale lilipochonga mwamba, lilichonga humo nyumba ambayo watu wake waliijua.

Tathmini

Kwetu Walutheri habari za monasteri haziwezi kupokelewa bila maswali. Martin Luther alikuwa mtawa, na mwaka 1521 aliandika kwa ukali dhidi ya nadhiri za utawa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 27, linakataa wazo kwamba nadhiri hizo hustahilisha haki mbele za Mungu. Tunashikilia msimamo huo. Tena, mlima usiokanyagwa na wanawake hauwezi kuwa mfano wa usharika wa watu waliobatizwa (Gal. 3:28), na ugomvi wa Sabato unatukumbusha maonyo ya Mtume juu ya siku na sikukuu (Kol. 2:16).

Hata hivyo, Matengenezo ya Kanisa hayakuwadharau Waethiopia. Mwaka 1534 shemasi Mwethiopia aitwaye Mikaeli alifika Wittenberg, akazungumza na Luther na Melanchthon kwa msaada wa mkalimani juu ya imani, Chakula cha Bwana na ibada. Wale wanamatengenezo waliona kwamba wanakubaliana naye, wakampa barua ya utambulisho. Waliona ndani yake Kanisa la kale lililodumu bila kuwa chini ya Papa. Kwa hiyo mlutheri wa kwanza kuuliza habari za Ukristo wa Afrika ni Luther mwenyewe, miaka zaidi ya 350 kabla ya wamisionari wa Kilutheri kufika Tanganyika.

Tukiacha suala la nadhiri, linabaki suala la jengo. Hapa twapaswa kusema kwa uangalifu. Wamisionari waliojenga Azania Front ya Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19 walijenga kama walivyojua kujenga kwao, kama vile Waarmenia walivyojenga kama walivyojua. Hatuwezi kuwalaumu kwa hilo. Kosa, kama lipo, ni letu tuliokuja baadaye, tulipoliona dirisha lao la upinde kuwa sehemu ya Injili yenyewe, na ufundi wa babu zetu kuwa sehemu ya upagani.

Nchi ya Ziwa haikukosa ufundi. Warongo wa Buzinza, katika eneo hili hili la Geita na Biharamulo, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyonunuliwa hadi Usukuma. Nyumba ya msonge ya Wasukuma ilijengwa kwa fito na nyasi kwa ustadi wa kufunga usiopungua ule wa mafundi wa Aksum: mti unashika mti, na hakuna msumari. Wako waliotambua jambo hili. Katika miaka ya 1950, huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, padri Mkatoliki David Clement alijenga kanisa la mviringo na kulipamba kwa alama za utemi wa Kisukuma. Wengine walilishangaa. Lakini tukilitazama kwa mwanga wa Debre Damo, tunaona kwamba alifanya lile lililofanywa na Kanisa la Afrika zaidi ya miaka 1,000 kabla yake: alichukua alama za enzi ya nchi na kuziweka chini ya Bwana mwingine.

Hitimisho

Hatusemi kwamba usharika wa Buseresere ujenge kwa vichwa vya nyani, wala kwamba uache matofali ya kuchoma na bati urudie nyasi. Miti mikubwa imepungua, moto ni hatari, na waumini ni wengi kuliko watawa wa mlimani. Debre Damo haitupi mchoro wa kunakili. Inatupa maswali ambayo baraza la wazee na kamati ya ujenzi wanaweza kuyauliza kabla ya kumwita fundi. Je, mzee wa kijiji akiingia humu, ataona kitu chochote ambacho mikono ya watu wake ilikijua? Je, mafundi wetu wa kuchonga mbao, kufua chuma na kufinyanga wamepewa kazi katika nyumba hii, au tumewaachia kuchanga fedha tu? Je, tunachojenga kinaweza kutengenezwa na vijana wetu wenyewe kitakapochakaa, au kitangoja msaada?

Maswali hayo yana uzito wa pekee penye dhahabu. Mgodi hufunguliwa na mgodi hufungwa. Watu huja na watu huhama. Wafalme wa Aksum walikuwa na dhahabu nyingi, na enzi yao imekwisha. Kanisa lao dogo la mawe madogo na udongo lingali linasimama, kwa sababu liliwekwa juu ya mwamba, na kwa sababu boriti zake zilifungwa na watu waliojua kufunga. Msingi ni mmoja tu (1 Kor. 3:11), nao si kazi yetu. Lakini kila mmoja na aangalie jinsi anavyojenga juu yake, na wachungaji wanaofundishwa leo katika vyuo vyetu wajifunze historia hii, ili atakapotokea mtu na kusema kwamba Kanisa ni mgeni katika Afrika, waweze kumjibu kwa majina, kwa miaka na kwa mawe.